Nati ya Nne



Miaka mingi iliyopita nilikuwa fundi kijana katika gereji ndogo. Siku moja nilipewa kazi ya kubadilisha raba za injini ya pikapu. Pikapu hiyo ilikuwa mali ya kijiji. Ilibeba pamba, mbolea, mabati ya shule na wagonjwa.

Nilianza asubuhi. Ilipofika saa kumi jioni, nati tatu kati ya nne zilikuwa zimekazwa sawasawa. Nati ya nne ilikuwa nyuma, karibu na bomba la moshi. Sikuweza kuiona. Niliigusa kwa ncha za vidole tu. Niliizungusha mpaka vidole vikashindwa. Kisha nikaingiza spana, lakini spana haikupata nafasi ya kuzunguka. Dereva alikuwa amesimama pembeni. Akaniuliza, "Fundi, bado?"

Nikamjibu, "Tayari."

Haikuwa tayari. Baada ya wiki chache pikapu ilikuwa ikimpeleka mtoto mwenye homa kali katika hospitali ya wilaya. Ilikuwa usiku. Gari lilipoingia katika shimo, injini iliruka upande mmoja. Feni ikakata rejeta. Maji yote yakamwagika na gari likasimama porini. Baba alimbeba mtoto mgongoni, akatembea mpaka alipopata lori. Mtoto alipona. Nashukuru kwa hilo mpaka leo.

Siku ya tatu pikapu ilivutwa mpaka gereji. Nililala chini yake na tochi. Niliona mguu wa raba umetoka katika tundu lake. Nati haikuwapo. Dereva hakunifokea. Aliniuliza tu, "Hii nayo uliikaza?"

Leo nataka tuzungumze juu ya nati hiyo ya nne. Huenda wewe ni dereva. Huenda ni kijana unayejifunza ufundi. Huenda uko katika kamati inayolisimamia gari la kijiji na kumlipa fundi. Yote haya yanakuhusu.

RABA ZA INJINI NI KITU GANI?

Injini ya gari haikai juu ya chuma kitupu. Inakaa juu ya raba. Raba hizo ni vipande vya mpira mgumu vilivyogandishwa kati ya vipande viwili vya chuma. Chuma kimoja hufungwa kwenye injini. Kingine hufungwa kwenye chasi. Mafundi wengi huziita mauntingi.

Zamani injini nyingi zilifungwa moja kwa moja kwenye chasi. Gari lote lilitetemeka, pamoja na watu waliokuwa ndani. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake ilikalia raba. Baadaye magari mengine yakafuata njia hiyo.

Katika pikapu nyingi injini imelala kwa urefu wa gari. Huwa kuna raba mbili, moja kila upande wa injini, na raba moja au mbili chini ya gia boksi. Katika magari madogo ambayo matairi ya mbele ndiyo yanayoendesha gari, injini hulala kwa upana. Huko raba huwa tatu au nne, na nafasi ya kuingiza mkono huwa ndogo zaidi.

Raba huchoka. Joto huikausha ikapasuka. Oili ikiidondokea kila siku, hulainika na kuvimba. Kwa hiyo, kabla ya kununua raba mpya, tafuta oili inakovuja uzibe. Bila hivyo utakuwa unanunua raba kila mara.

Utajuaje kuwa raba imekufa? Gari likiwa limesimama na injini inawaka, mtetemeko huingia mpaka kwenye usukani. Ukiachia klachi unasikia kishindo. Mkono wa gia unaruka. Fungua boneti utazame. Mpira wenye ufa mkubwa, au mpira ulioachana na chuma chake, hauna kazi tena.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Weka gari mahali pa tambarare, penye ardhi ngumu. Vuta breki ya mkono. Zuia matairi kwa mawe mbele na nyuma. Fungua waya wa betri, ule wa alama ya kutoa. Ngoja injini ipoe. Mkono wako utapita karibu na bomba la moshi, na bomba hilo linachoma kuliko sufuria iliyo jikoni.

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Ukishainua, weka stendi za chuma chini ya chasi, kisha shusha gari likae juu ya stendi. Usitumie matofali, kwa sababu tofali hupasuka ghafla, bila kukuonya. Nalisema jambo hili mara moja tu, lakini ukisahau mengine yote, hili usilisahau.

Sasa unahitaji jeki ya pili ya kubeba injini. Weka ubao mpana kati ya jeki na sehemu ya chini ya injini, ili uzito usambae. Bila ubao unaweza kutoboa chombo cha oili. Kuna injini ambazo chombo hicho ni chepesi na hakipaswi kubeba uzito. Kitabu cha gari kitakuonyesha mahali pa kushikilia. Inua polepole. Unataka kuondoa uzito juu ya raba tu. Sentimita mbili au tatu kwa kawaida zinatosha. Huku unainua, tazama feni isiguse rejeta, na tazama mipira ya maji na bomba la dizeli zisivutike.

Badilisha raba ya upande mmoja, uimalize, ndipo uende upande wa pili. Ukifungua pande zote mbili kwa pamoja, injini itasogea, na matundu yatakataa kukutana.

NATI YENYE KUTU

Nati za chini hupata tope, maji na vumbi kwa miaka. Usizivamie. Zisugue kwa brashi ya waya. Zipake mafuta ya kulainisha kutu. Kama huna, wengi hutumia dizeli. Fanya hivyo jioni, urudie asubuhi. Kutu iliyolowa usiku kucha hukuachia nati ambayo jana ingekatika. Usitumie moto. Bomba la dizeli na raba viko pale pale.

Chagua spana inayokaa barabara. Katika magari mengi ya Kijapani, bolti yenye unene wa milimita 10 hufunguliwa kwa spana namba 14. Bolti ya milimita 12 hufunguliwa kwa namba 17. Magari ya zamani ya Uingereza yana nati za inchi. Kwa mfano, nati ya inchi 9/16 ni milimita 14.3. Spana namba 14 haiingii. Namba 15 inaingia lakini inacheza. Spana inayocheza hula kona za nati, na nati ya mviringo iliyojificha nyuma ya injini itakuharibia siku nzima. Kwa nati yenye kutu tumia soketi ya pembe sita. Inashika pande zote sita za nati.

MKONO UNAPOKOSA NAFASI

Hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa. Mimi nilikata tamaa hapa.

Tazama saa ya ukutani. Ina alama 12. Nati ina pande 6. Nati ikizunguka kutoka alama ya 12 hadi alama ya 2, upande mmoja umefika mahali palipokuwa na upande wa jirani. Kwa hiyo soketi au ringi ya pembe sita inahitaji nafasi ya alama mbili za saa ndipo uweze kuichomoa na kuishikiza tena.

Ringi ya pembe kumi na mbili inahitaji nafasi ya alama moja tu. Na ile spana ya mdomo wazi? Itazame vizuri. Mdomo wake haukunyooka na mkono. Umeinama kidogo upande mmoja. Watu wengi wanaishika spana hiyo miaka kumi bila kujiuliza kwa nini. Sababu ni hii: ukiizungusha kidogo, ukaitoa, ukaigeuza chini juu, itaishika nati tena mahali pengine. Kwa kuigeuza kila mara, nafasi ya alama moja ya saa inakutosha. Siku ile mimi sikujua hivyo. Spana yangu ingeweza kufanya kazi. Sikuigeuza tu.

Racheti yenye meno 72 inahitaji nafasi ndogo zaidi. Alama moja ya saa inatoa hatua sita za racheti hiyo. Lakini racheti ina kichwa kinene. Mara nyingi mahali penye nafasi ya kuzungusha hapana nafasi ya kichwa chake.

Ukishindwa kuifikia nati kwa karibu, ifikie kwa mbali. Unganisha vyuma vya kurefushia soketi, kimoja baada ya kingine. Ukitoa tairi la mbele, mara nyingi utaona njia iliyonyooka kutoka kwenye nafasi ya tairi mpaka kwenye nati. Chuma cha sentimita 50 kitapita hapo, nawe utazungusha racheti ukiwa nje, umekaa vizuri. Kama njia imepinda kidogo, weka kile kiungo kinachojipinda kati ya soketi na chuma. Kisipinde sana. Kikipinda sana kinakwama, na nguvu yako inapotea njiani.

Wakati mwingine jawabu ni kufungua kitu kilichokuzuia. Huenda ni kinga ya joto ya bomba la moshi, huenda ni stata. Fundi kijana huona ni kupoteza muda. Mimi sasa naona kuwa kufungua bolti mbili zinazoonekana ni kazi rahisi kuliko kupigana na moja isiyoonekana.

ANZA NA ILE USIYOIONA

Raba mpya imekaa mahali pake. Bolti na nati ziko mezani. Utaanza na ipi?

Watu wengi huanza na ile iliyo karibu. Wanaikaza kabisa, kisha wanaifuata ya pili. Wanapofika kwenye ile iliyojificha, raba imeshashikwa kwa nguvu, haisogei, na tundu limepishana na tundu. Hapo ndipo bolti hulazimishwa.

Wewe anza na ile iliyojificha. Injini bado iko huru. Raba bado inasogea. Ishikize nati hiyo kwa vidole, kisha zishikize nyingine zote kwa vidole. Usikaze hata moja mpaka zote ziwe zimeingia.

Vidole vyako vitakuwa macho yako. Paka grisi kidogo kwenye uso wa washa, igande juu ya nati. Weka nati kwenye ncha ya kidole, ipeleke taratibu. Kama unatumia soketi, weka kipande cha karatasi ndani yake ili nati ibane, isianguke. Ikifika kwenye bolti, izungushe kwanza kinyume, kama unayefungua. Utasikia kama kadunda kadogo. Hapo mwanzo wa nyuzi za nati umekutana na mwanzo wa nyuzi za bolti. Sasa geuza, ifunge. Ikiingia kwa ulaini mizunguko mitatu kwa vidole, imeingia sawa. Ikiwa ngumu tangu mzunguko wa kwanza, imepanda nyuzi. Irudishe. Ukiilazimisha kwa spana, itaingia, lakini imeharibika na haitashika.

Matundu yakipishana, pandisha au shusha jeki kidogo sana. Ingiza bisibisi ndefu katika tundu la jirani, uvute raba ikae. Usiingize kidole katika tundu kupima kama yamelingana. Jeki ikishuka hata kidogo, vyuma viwili vitakikata kidole hicho kama mkasi.

Kazi hii inataka subira, na subira yake inaweza kuhesabika. Katika bolti nyingi za milimita 10 za magari ya Kijapani, nati husogea milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja. Kuiingiza sentimita 1 ni mizunguko 8. Kama spana yako ina nafasi ya alama moja ya saa tu, kila mzunguko ni mara 12. Zote pamoja ni mara 96. Ndiyo maana nati iende kwa vidole mpaka vidole vikatae kabisa. Spana ibaki na kazi ya mwisho tu.

KUKAZA KIASI GANI?

Nati zote zikiwa zimeingia, shusha jeki. Injini ikae juu ya raba kwa uzito wake wote. Itikise kidogo kwa mkono ijikalie. Sasa ndipo ukaze.

Nguvu ya kukaza inategemea vitu viwili: uzito unaosukuma, na urefu wa spana. Bolti ya milimita 10 yenye alama 8.8 kichwani kwa kawaida hukazwa kwa nguvu ya kilo 5 hivi kwenye mkono wa mita 1. Kitabu cha gari ndicho chenye kipimo cha gari lako. Lakini tuchukue kipimo hiki kama mfano.

Spana yenye urefu wa sentimita 25 ni robo ya mita. Kwa hiyo unahitaji kusukuma kwa kilo 20. Huo ni uzito wa debe moja la maji. Ukining'iniza debe la maji kwenye mwisho wa spana hiyo iliyolala, nguvu ya kukaza ni hiyo.

Sasa fikiri. Mahali pembamba umeingiza spana fupi ya sentimita 12 na nusu. Nguvu ile ile sasa inataka kilo 40, madebe mawili, na mkono wako umekunjwa, umelala chali, unasukuma kwa vidole viwili. Unaona kama umekaza sana kwa sababu umeumia sana. Nati haijui maumivu yako. Inajua kilo na urefu tu. Kwa hiyo nati iliyo mahali pagumu karibu kila mara huwa imelegea, na ile iliyo mahali peupe, uliyoikaza kwa spana ndefu na bomba juu yake, huwa imezidishwa mpaka bolti imevutika. Katika gari moja unapata makosa yote mawili.

Kama una spana ya kupimia nguvu, itumie. Kama huna, jifunze kwa mkono wako. Funga bolti ya aina hiyo kwenye jiliwa au kwenye gari bovu. Ikaze kwa debe la maji. Kisha jaribu kuifikia nguvu hiyo kwa spana fupi. Utashangaa. Ukiwa chini ya gari, tafuta njia ya kuiingiza spana ndefu zaidi hata kama ni kwa kazi ya mwisho tu, alama moja au mbili za saa.

Washa ya springi iliyolala bapa haina kazi tena. Nati yenye kibanio cha plastiki ndani ikishafunguliwa, weka mpya. Vitu hivi ni vya bei ndogo. Kamati isikatae kuvinunua.

KABLA HUJASEMA "TAYARI"

Kuna waya mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chasi. Mara nyingi hufungwa karibu na raba, nao husahaulika. Usiporudishwa, umeme wa stata utatafuta njia nyingine, hata kwa kupita katika kebo ya klachi au ya mafuta na kuiunguza. Urudishe, usugue mahali pake pawe chuma cheupe.

Kila nati uliyoikaza ipige mstari wa rangi, kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Kwa ile usiyoiona tumia kioo kidogo na tochi. Kijiti chenye pamba kilichochovya rangi kitafika pale mkono usipofika. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbaya, tazama tena. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka.

Kisha washa injini. Msaidizi akanyage breki sana, aweke gia, aachie klachi kidogo tu. Wewe simama ubavuni, na mtu yeyote asisimame mbele ya gari. Injini itainama kidogo na kurudi. Ikiruka, au ikigonga, zima urudi chini.

Siku hizi simalizi kazi peke yangu. Nampa dereva tochi na kioo. Anaingia chini ya gari mwenyewe, gari likiwa juu ya stendi, anahesabu mistari ya rangi kwa sauti. Mimi nimekaa nje nasikiliza. Moja. Mbili. Tatu. Halafu ananyamaza kidogo, anageuza kioo, anaitafuta ya nne.